Kuhesabu magunia kwa Raspberry Pi 4: nibane modeli, ninunue Coral au nihamie Pi 5 yenye Hailo?

gunia_mia
Habari wakuu. Niko Makambako, nina Raspberry Pi 4 ya GB 4 (ile kompyuta ndogo ya bodi moja) na kamera ya USB nimeifunga juu ya mlango wa ghala la mahindi, kazi yake ihesabu magunia yanayotoka kwenda kwenye Fuso, maana kila jioni ni ubishi, karani anasema 120 dereva anasema 118, na mwisho wa siku wanaokatwa hela ni makuli waliobeba begani toka asubuhi. Hilo ndo linaniuma na ndo sababu nimeanza hii kazi. Modeli ni YOLOv8n, ile AI ndogo ya kutambua vitu kwenye picha, nimeifundisha kwa picha zetu wenyewe, kutambua inatambua vizuri, shida ni spidi: fremu 1 kwa sekunde, kuli akipita mbio inamkosa kabisa. Bajeti yangu dola 150 mwisho, umeme ni wa sola, betri moja ya volti 12 ampea 100. Naona watu wanataja vifaa vya kuendeshea AI kwa kasi, Coral, Hailo, Jetson. Nichukue ipi?

saketi_tz
Mkuu mi nakwambia moja kwa moja, hamia Pi 5 na AI HAT+, ile bodi ya AI inayokaa juu yake. Prosesa ya Pi 5 ni Cortex-A76 ya 2.4 GHz, yako ni A72 ya 1.5 au 1.8, hapo tu ushaona tofauti. Alafu hiyo HAT ina chipu ya Hailo-8L yenye TOPS 13, yaani hesabu trilioni 13 kwa sekunde, ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 70, na ya TOPS 26 ilikuwa dola 110. YOLO ndogo ka hiyo itateleza. Ila jua haikai kwenye Pi 4, inataka njia ya data ya PCIe ambayo iko kwenye Pi 5, kwaiyo utanunua vyote viwili.

Bi_Algo
Kaka saketi, kabla hajatoa hela tujue kwanza muda unaliwa wapi. gunia_mia, pima kila hatua peke yake, kusoma fremu, kupunguza picha, modeli, kuchora, kuonyesha, maana mara nyingi modeli inasingiziwa bure. Unaendesha kwa PyTorch, maktaba ile ile ya kufundishia? Picha unaipa pikseli ngapi? Unaangalia skrini yake kwa mbali kwa VNC? Alafu andika amri mbili, vcgencmd measure_temp ya joto na vcgencmd get_throttled ya kuona kama Pi imebanwa, ulete majibu hapa.

gunia_mia
Asante dada. PyTorch ndio, 640, na VNC iko wazi muda wote. Joto 83. Ile nyingine imeandika throttled=0x50005, sijui maana yake.

Bi_Algo
Hiyo namba ndo kesi yenyewe. Inasema volti hazitoshi sasa hivi na prosesa imepunguzwa mwendo, na yote mawili yalishatokea toka uiwashe. Pi 4 inataka volti 5 ampea 3 kamili, na bila shaka unailisha kwa tundu la USB la kontrola ya sola au chaja ya simu yenye waya mwembamba mrefu. Tafuta kishusha volti kizuri na waya mfupi mnene. Alafu feni, maana ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguza yenyewe na ghala la bati saa nane mchana unalijua. Hata ungeweka chipu ya maana gani juu yake, Pi yenye njaa ya umeme haitakupa kitu.

Ukimaliza hapo ndo uje kwenye modeli. Igeuze iwe NCNN, hiyo ni maktaba ya kuendeshea modeli, ilitengenezwa na Tencent kwa ajili ya prosesa za simu na ya Pi ni ndugu wa hizo, kwenye Ultralytics, programu ya hao wenye YOLOv8, ni amri moja tu ya kuexporti. Hakikisha mfumo wako ni wa biti 64. Alafu shuka kutoka 640 hadi 320, upande ukikata nusu hesabu zinabaki robo. Gunia litaonekana dogo, kwaiyo kata picha kwanza ubaki na mlango tu, ukuta na paa modeli inavitakia nini?

Kamau_lens
Niko Nakuru, nimetumia Coral USB, kile kifaa cha AI cha Google cha kuchomeka, kwa mradi wa maziwa, wacha niseme nilichoona. TOPS 4 kwa wati 2, inaingia kwa Pi 4 yako vizuri, weka kwa tundu la bluu la USB 3. Lakini inataka modeli ya fomati ya TensorFlow Lite iliyobanwa hadi int8 yote, yaani namba za biti 8 tu, tabaka ambalo haiwezi linarudi kwa prosesa na spidi inaanguka. Tena maktaba yake ya pycoral ni ya Python 3.6 hadi 3.9 na Raspberry Pi OS ya Bookworm iko na 3.11, so jipange na kontena la Docker lenye Python ya zamani ndani. Inafanya kazi, lakini tenga wikendi mzima.

Kuna njia nyingine hakuna mtu ametaja, AI Camera ya Raspberry Pi iliyotoka 2024 kwa dola 70, yenye sensa ya Sony IMX500, modeli inakimbia ndani ya kamera yenyewe na Pi inapokea majibu tu. Inashika kwa Pi 4. Kumbukumbu ya ndani ni MB 8, YOLO ndogo iliyobanwa inatosha.

tanga_edge
Jetson mi naipenda lakini kwake hapana, na sio bei tu (Jetson Orin Nano Super ilitoka 2024 kwa dola 249). Piga hesabu ya betri: volti 12 mara ampea 100 za saa ni Wh (wati-saa) 1200, ukitaka betri ya asidi idumu tumia nusu, 600. Orin ikiachiwa wati 25 inazimaliza zote ndani ya saa 24. Pi 4 ikila wati 6 hivi ni Wh 144 kwa siku, mawingu ya siku mbili tatu haikuzimikii.

Na mkuu angalia kamera yako inatoa fomati gani. Ikiwa YUYV, picha isiyobanwa, kwa 1280x720 kila fremu ni karibu MB 1.8, fremu 30 ni MB 55 kwa sekunde, USB 2 haiwezi kubeba, kamera inashuka mpaka fremu 10. Iambie OpenCV, maktaba inayosoma kamera, itumie MJPG iliyobanwa. Na kusoma fremu weka kwenye thredi yake, yaani kazi inayoenda sambamba, modeli ichukue iliyo mpya tu, la sivyo unahesabu picha za zamani zilizopanga foleni.

saketi_tz
Sawa nimekubali, kwa mlango mmoja aanze hivyo. Ila int8 je, kwenye hiyo hiyo Pi 4, haitamuongezea?

Bi_Algo
Kidogo sana. A72 haina ile amri ya kuzidisha na kujumlisha namba za biti 8 kwa mpigo, A76 ya Pi 5 inayo. Atapoteza usahihi kwa faida ndogo.

gunia_mia
Wakuu nimerudi. Umeme nimerekebisha, feni nimeweka, joto sasa 61 na throttled=0x0. Fremu kwa sekunde zilivyopanda: umeme na feni tu, 1 na nusu. NCNN kwa 640, 3. Nimekata mlango nikashuka 320, 9 kasoro, VNC nimefunga. Nimeweka ByteTrack kufuata kila gunia mpaka livuke mstari. Jumamosi zimepakiwa gari tatu, mimi nimehesabu kwa kokoto 264, mashine 261. Matatu yaliyopotea nimeyaangalia kwenye video: mawili kuli wamepishana mlangoni mmoja akamziba mwenzie, moja lilikuwa lumbesa, ile nundu ya juu ikaifanya modeli isilitambue.

Bi_Algo
Safi sana. Kamera iangalie chini wima toka juu ya fremu ya mlango, wakipishana hawatazibana. Lumbesa piga picha zake mia kadhaa, za asubuhi na za jioni taa ikiwaka, ufundishe upya.

gunia_mia
Karani ameshaniruhusu nipande juu kuigeuza kamera Jumatatu kabla gari hazijaingia. Makuli wenyewe wamesema watapita na lumbesa mbele ya kamera hata mara ishirini nikitaka.