Dawa ya fiti imeongezwa kidogo tu, sasa mtoto anayumba

MamaKijana_Kayole
Habari wazazi. Kijana wangu wa miaka sita alianguka toka balkoni akaumia kichwa, akaanza kupata fiti, saa hii tuko nyumbani na anatumia fenitoini ya maji. Wiki jana kliniki wakaongeza dozi, mililita moja tu, na tangu juzi akitembea anayumba, macho yanachezacheza na ni kulala tu. Jirani anasema ni ubongo unapona, mi naona ni dawa. Niache kumpa?

NesiWaUsiku
Pole sana mama. Usikate dawa mwenyewe, fiti zinaweza kurudi mbaya zaidi. Pigia kliniki kabla ya dozi ya jioni na umpeleke leo leo, juu kusinzia kwa mtoto aliyeumia kichwa kunaweza pia kuwa damu au maji kwa ubongo, hiyo huwezi kuijulia nyumbani. Lakini hata mi nashuku dawa. Ini lina kiwango chake cha kuivunja fenitoini, likishafika hapo ukiongeza katone tu, kwa damu inapanda sana. Waombe wapime kiwango cha dawa kwa damu pamoja na albumini, ile protini kuu ya damu. Karibu 90% ya hii dawa hushikana na protini za damu na ile iliyobaki huru ndio inafanya kazi, so kwa mtoto aliyekonda akiwa wadi, protini zikiwa zimeshuka, kipimo kinaweza kusoma sawa na bado amezidiwa.

BabaPacha_G45
Na chupa mnatikisa? Dawa inazama chini, ukianza chupa unampa maji, ukimaliza unampa nzito. Pia tumia sirinji, wachana na kijiko cha chai. Wetu alikuwa analishwa kwa mpira wa puani, tukaambiwa maziwa ya mpira yanazuia dawa isiingie vizuri.

Shosho_Umoja
Mjukuu wangu alipewa fenobabitoni, dawa ingine ya fiti, nikajua atalala, wapi! Usiku anakimbia nyumba nzima na hasira juu. Daktari akasema watoto wengine huwafanya hivyo, akatubadilishia pole pole.

MamaKijana_Kayole
Asanteni, tuko kwa matatu tunaenda. @BabaPacha umenishtua, mpira wa puani ulitolewa wiki hiyo hiyo dozi iliongezwa na hakuna aliyeniuliza anakula aje.

NesiWaUsiku
Hilo waambie kabla ya kitu kingine, juu maziwa ya mpira yakiisha dawa inaingia zaidi, na hapo hapo dozi ikaongezwa. Na ubebe chupa na sirinji waone unapima ngapi.