Nimehamia Dodoma, foleni hakuna, ila muda sijui unaishia wapi. Naombeni ushauri

Hesabu Mkononi (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku.

Niende moja kwa moja. Mimi ni mhasibu kwenye wizara mojawapo hapa Mji wa Serikali, Mtumba. Kabla ya uhamisho nilikuwa Dar, naishi Mbagala, ofisi Posta. Mnaoijua njia hiyo hamhitaji maelezo. Naondoka giza, narudi giza, watoto nawaona Jumapili. Wimbo wangu ulikuwa mmoja tu: ningekuwa na muda ningemaliza CPA (ile mitihani ya juu ya uhasibu), ningeanzisha hata kamradi kadogo.

Uhamisho ukaja. Nimepanga Ilazo, kutoka Mtumba hadi katikati ya mji ni kama kilomita 17 na barabara inapitika. Saa 9:30 alasiri kazi imeisha kisheria. Kwa hesabu ya haraka haraka nimeongezewa nusu siku.

Sasa cha ajabu ni hiki. Kule kwenye daladala la Mbagala, nimebanwa kama dagaa, nilikuwa nasoma na nikafaulu. Huku nina meza, kiti, taa na utulivu, na kitabu kimeota vumbi. Mtihani ni Mei. Mke na watoto wamebaki Dar kwa sababu naye ana kazi, kwa hiyo baadhi ya Ijumaa nashuka.

Pombe sinywi. Mpira naangalia mechi kubwa tu. Na tafadhali asije mtu na "amka saa kumi alfajiri", nimeshajaribu, nikawa nasinzia mbele ya bosi. Nataka kusikia kutoka kwa wenye kazi kama yangu: muda mnautoa wapi?

Naomba kuwasilisha.

Mtoto wa Chang'ombe

Mkuu hujapata muda wa kusoma ila wa kuandika uzi saa tano usiku umepatikana. Nakaa hapa na kahawa yangu, wenye hekima waje.

Saa Arobaini na Tano

Serikalini mnatoka saa tisa na nusu halafu mnakuja kulia humu? Sisi wa kampuni binafsi sheria ya ajira ya 2004 inaruhusu hadi saa 45 kwa wiki, na mwajiri wangu anazikamua zote mpaka dakika ya mwisho. Ovataimu inatakiwa ilipwe mara moja na nusu. Mimi nalipwa "asante, tutakukumbuka". Badilishana na mimi wiki moja tu.

Kibaigwa Kwanza

Achana na CPA, lima zabibu. Dodoma unakaa unasoma vitabu wakati ardhi ipo? Miaka miwili mitatu unakuwa tajiri.

Mkulima Mpunguzi

Kibaigwa, usimdanganye mtu. Zabibu ninazo na ndizo zinazonilisha, ila usimwambie mtu anayetafuta muda akapande zabibu. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila kitu kinaanzia siku uliyopogoa. Ukipogoa pamoja na kijiji kizima, mnavuna pamoja, mnunuzi anakuja anakuta mlima wa zabibu, anataja bei anayotaka yeye. Na zikishaiva hazikusubiri umalize kikao. Hapo bado kupiga dawa ya ubwiri unga, bado kumwagilia, bado ndege. Mhasibu wa kulima kwa simu namfahamu, shamba lake sasa linaliwa na mbuzi wa jirani.

Mleta mada, maliza mtihani wako kwanza.

Mzee wa Area C

Kijana wangu, shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuitoa.

Nimestaafu uhasibu serikalini. Wenzako wanakutania, mimi naona shida yako kubwa ipo kwenye kalenda. Umeweka mtihani Mei. Nani alikushauri? Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Bunge la Bajeti linaanza Aprili, linakwenda mpaka mwisho wa Juni. Machi unaandaa makabrasha. Aprili mkubwa wako yuko mbele ya kamati, anapiga simu saa tatu usiku anataka jedwali ambalo jana alisema halihitajiki. Mei wizara yenu inasomewa hotuba na nyote mnahamia kwenye korido za Bunge mkiwa na mafaili kwapani. Katika miezi hiyo hata ukiongezewa siku ya nane kwenye wiki, ofisi itaichukua.

Bodi ya wahasibu inatoa mitihani Mei na Novemba. Chukua Novemba. Mei mwachie mwajiri, maana hata usipomwachia ataichukua.

Wino Mwekundu

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote napinga. Mimi pia ni wa vitabu. Mkishafunga Juni 30 mna miezi mitatu ya kuandaa hesabu za mwisho, Septemba 30 ziwe zimefika kwa CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Baada ya hapo wakaguzi wanaingia na kuweka kambi. "Leta vocha namba fulani, leta viambatanisho vyake." Novemba iliyopita nilishinda stoo natafuta hati ya malipo, nikaikuta imetumika kuegemeza meza isiyumbe. Mhasibu wa serikali hana mwezi mtupu, huo ndio ukweli.

Mzee wa Area C

Marahaba. Usemayo ni kweli, wakaguzi wapo. Lakini mkaguzi naye ni mtumishi, ikifika saa 9:30 anafunga begi anaondoka. Bunge halifungi begi. Oktoba jioni ni zako, Mei jioni si zako. Tofauti ndiyo hiyo.

Dirisha la Kulia

Mimi nachangia hapo kwenye Ijumaa. Kabla ya 2024 kwenda Dar kwa basi ilikuwa siku nzima imekwisha, unafika mgongo umevunjika. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma safari imekuwa saa tatu na nusu hivi au zaidi kidogo, unakaa kitini, meza ipo, huruki matuta. Mimi shahada ya pili nimeiandikia humo. Angalizo: pakua kila kitu kabla ya kuondoka, maana ukifika milima ya Kilosa na yale mahandaki mtandao unakata kata. Na hilo ndilo zuri lake, hakuna anayekupigia.

Binti wa Kondoa

Kaka Hesabu, nimesoma uzi wote na hakuna aliyeuliza hili. Mkeo amebaki Dar, ana kazi, ana watoto wawili, wewe ukishuka Ijumaa unakuwa mgeni wa heshima. Yeye muda anautoa wapi?

Siulizi kwa ubaya. Mimi ni muuguzi, nakaa Nkuhungu. Mtaani kwetu maji ni ya mgao, mara nyingi yanakuja usiku wa manane. Nikitoka zamu ya jioni nalala kidogo, naamka kujaza mapipa na ndoo, naamkia uji wa mtoto. Kozi yangu nilisoma hivyo hivyo, na simu ikinisomea notsi masikioni wakati maji yanajaa. Nilifaulu kwa sababu mama yangu alikuja kutoka Kondoa akakaa nami. Bila mama hakuna cheti. Watu wakiniuliza "ulipangaje muda" nawaambia sikuupanga, nilipewa na mtu.

Ushauri wangu: kabla hujaongeza saa za kusoma, andika wiki moja kila unachofanya kuanzia unapotoka ofisini. Bila kupamba. Halafu utuletee hapa.

Hesabu Mkononi

Shikamoo mzee, nisamehe. Dada Binti, hilo la mke limenikaa, nitalirudia.

Nimeandika kwenye daftari kama ulivyosema. Sitaweka wiki yote, nawapa Jumanne tu maana siku nyingine zinafanana nayo.

9:30 nimefunga kompyuta.
9:40 nipo kwenye maegesho, nasubiri lifti ya jamaa wa idara jirani anayekaa Kisasa. Akasema anasainisha faili moja.
10:50 tumeondoka.
11:05 tumepitia kiwanja chake Ihumwa. Fundi alisema yuko njiani, tukamngoja.
12:10 tumefika Kisasa, tukala mishikaki.
1:15 kikao cha harusi ya kijana wa ofisini. Ajenda: rangi ya vitambaa vya meza.
3:20 kikao kimeahirishwa, rangi haijapatikana.
3:50 nyumbani. Kuoga, kuongea na familia.
4:30 kitabu.
4:45 usingizi.

Mtoto wa Chang'ombe

Mkuu hiyo si lifti, umeajiriwa utingo bila mkataba 😂😂

Fundi Ilazo

Mimi ni fundi na nimesikia nikitajwa. Huyo wa Ihumwa hakuwa njiani, alikuwa Veyula kwenye kazi nyingine. Ongeeni nasi asubuhi, siyo jioni.

Saa Arobaini na Tano

Nafuta kauli yangu ya kubadilishana. Baki na kazi yako.

Wino Mwekundu

Daladala kutoka Mtumba zipo. Ukipanda saa 9:45 unafika Ilazo jua bado kali, una jioni nzima. Kwenye lifti unaokoa nauli, unatoa jioni. Wewe si mhasibu? Weka debiti na krediti hapo.

Hesabu Mkononi

Chekeni, ila nisikilizeni. Mimi hapa ni mgeni, sina ndugu wala jirani ninayemjua jina. Kwenye ile gari ndiko ninakosikia nani anasafiri, semina iko wapi, nafasi gani inatangazwa kabla haijabandikwa. Nilipokuwa Dar sikuhitaji hayo, nilikuwa na watu wangu. Nikianza kupanda daladala peke yangu kila siku nitakuwa mtu wa pembeni. Na harusi ndiyo hivyo hivyo, leo usipokwenda ya mwenzako, kesho msiba wako utauzika peke yako. Hayo mliyoyaita upotevu, mengine ni bima.

Mzee wa Area C

Hapo kijana kasema neno, msimbeze. Nilihamia mji huu kabla yenu wengi na najua upweke wa jioni za hapa, upepo na vumbi tu. Mtu akikupa kiti kwenye gari yake unakaa.

Ila bima nayo ina kiwango. Hulipi mshahara wote. Panda lifti Jumatatu na Alhamisi, siku hizo upate habari zote, habari za ofisini haziozi kwa siku mbili. Siku zilizobaki mwambie jamaa una kipindi cha masomo saa 11. Mtaje mtihani kwa jina. Watu humu ofisini wanaheshimu CPA kuliko kitu chochote, na wengi wao waliiachia njiani.

Binti wa Kondoa

Na kwenye harusi, maliza mchango wako wote mapema. Usitoe ahadi, toa hela, upewe risiti. Kamati haimfuati aliyemaliza, inawafuata wenye ahadi. Ukishalipa unaweza kuja kikao cha mwisho tu ukakaa mbele kama mzazi. Hapo umelinda undugu na jioni zako zimebaki. Kazi ya rangi ya vitambaa waachie wanaoijua, hakuna mwanaume kwenye kile kikao aliyekuwa na rangi kichwani.

Mke vipi?

Hesabu Mkononi

Nimeongea naye. Nilitegemea atafurahi kwamba nitasoma kwenye treni. Akaniambia kusoma kwenye treni ni sawa, lakini kuanzia ninaposhuka Ijumaa usiku mpaka Jumapili mchana nisifungue hata daftari, na Jumamosi asubuhi watoto ni wangu, yeye ana mambo yake. Nikamuuliza mambo gani. Akasema ni yake. Kumbe kuna kozi ya ushonaji anaitaka tangu mwaka juzi, hakuwahi kuitaja kwa sababu Jumamosi zote alikuwa anafua.

Kwa hiyo nguo atapelekewa mama wa mtaani anayefua kwa malipo, nimeingiza kwenye bajeti. Mtihani nausogeza Novemba kama mzee alivyosema, ila masomo mawili tu, yaliyobaki yatafuata. Wino Mwekundu, stoo utaniombea. Jumamosi za huku ambazo siendi Dar nitabaki nazo kwa ajili ya mnada wa Msalato, hapo msinishauri chochote, nyama ile sitaiacha.

Mzee, somo la kodi linanisumbua tangu chuo. Naweza kukutafuta PM (ujumbe wa faragha) ukanielekeza?

Mzee wa Area C

PM ipo wazi. Baada ya swala ya isha, kabla ya hapo namwagilia mchicha. Uje na maswali umeyaandika, mawili au matatu. Ukija na "mzee nielekeze kodi" nitakurudisha.