Gredi ya Kwanza Amu: "mchele" anausoma "mtele", 0 anaiita tano

MzaziLangoni
Assalam aleykum. Kijana wangu amemaliza PP2 (mwaka wa pili wa shule ya awali), Januari aingia Gredi ya Kwanza hapa Amu (Lamu, Kenya). Watasoma nini hasa, na nyumbani nishike wapi? Herufi azijua, lakini "mchele" ausoma "mtele", na "jina" alisoma "ina". Tena 0 aiita tano, na 3 huiandika imegeuka. Nimsahihishe kila mara?

TichaGrediZaChini
Waaleykum salaam. Masomo ni 7 tangu yapunguzwe 2024: Kiswahili, Kiingereza, hisabati, mazingira, dini, sanaa na michezo kwa pamoja, na lugha ya mama. Kila kipindi ni dakika 30.

Mzigo wenyewe uko kwenye silabi. Mtoto hufundishwa sauti ya herufi, si jina lake. Aliyezoea kuimba ABC ya Kiingereza hukwama kwenye "mama" kwa sababu kichwani ana "em-ei-em-ei". Anza na a, e, i, o, u, kisha ma me mi mo mu, kisha maneno mafupi: mama, mimi, mume. Ch, sh, dh, ny na ng' zisubiri.

Jihadhari: safu ile huimbwa upesi kama kaswida bila kutazama herufi. Kata kadi 5, zichanganye, mtolee "mo" peke yake. Akianza kunong'ona "ma me mi..." kuifikia, bado hajaijua. Dakika 10 kwa siku zatosha.

Mwamu
Hiyo "mtele" ni Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, msimwite mtoto mjinga. Ch ya kitabuni kwetu mara nyingi ni t: mchanga/mtanga, kucheka/kuteka. J huwa y (moja/moya) au hudondoka (maji/mai), na nj huwa nd (njaa/ndaa, njia/ndia). Kijana amelijua neno, ila amelitamka kama nyanyake badala ya kufuata herufi.

Usimwambie "umekosa". Funika neno kwa kidole, umfunulie silabi moja moja: m, che, le. Halafu muulize, "Nyumbani twasemaje?" Aseme yote mawili. Ukimkemea tu, atabadilisha kila t aionayo, na "tatu" itakuwa "chachu"! Na "ndoo" mweleze mapema: kitabuni ni ya kutekea maji, kwetu ndiyo "njoo".

Ticha_Malindi
Namba zake zatoka chuoni, yaani madrasa. Tano ya Kiarabu, ٥, yafanana na 0. Nne, ٤, ni kama 3 iliyogeuzwa, na sita, ٦, yakaribia 7. Juu ya hayo, chuoni huandika kutoka kulia. Andika safu mbili kwenye karatasi moja, ya chuoni juu na ya skuli chini, uibandike ukutani. Kwa 3, weka nukta pale kalamu inapoanzia, juu kushoto. Kugeuza herufi na namba ni kawaida kwa umri huo hata kwa asiyesoma chuo.

Kosa litakalokuja baadaye ni 14 kuandikwa 104. Lugha yenyewe yamponza: twasema "kumi na nne", naye aandika 10, kisha 4. Maneno hayatamsaidia hapa. Chukua vijiti, funga kumi kumi kwa ukambaa wa mwaa (kamba ya majani ya mkoma), uchore nguzo mbili, makumi na mamoja. Fungu 1 huku, vijiti 4 kule, aandike chini yake alichokiona. Kujumlisha ni kwa kutobeba: 23 + 4 sawa, 27 + 5 ngojeni.

MzaziLangoni
Ahsanteni sana. Ripoti yake nitaisomaje? Nasikia haina alama.

TichaGrediZaChini
Ina ngazi nne: kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, na chini ya matarajio. Ukikuta "kukaribia" kwenye kusoma, muulize mwalimu ni silabi zipi zinazomkwama, uzitie kwenye kadi zako.