Narudi kwenye pikipiki baada ya miaka 19: nianze na ipi?

Goti Bovu: Habari zenu wakuu. Nina miaka 46, kimo futi 5 na inchi 4, goti la kushoto linauma. Ujanani niliendesha Honda XL125 mpaka watoto walipoanza kuja. Roho inataka ya cc 1000. Mke wangu ananitazama tu, hasemi kitu. Mnanishaurije?

Mzee Klachi: Cc 1000 iache kwanza, mkuu. Mimi nilirudi na dude la kilo 230. Barabarani tamu, likanishinda kwenye maegesho. Mguu uliteleza kwenye kokoto, likalala, nikabaki nalitazama kama ng'ombe aliyegoma. Kwa kimo chako jaribu Honda Rebel 500. Kiti kiko milimita 690 tu kutoka chini, nyayo zote mbili zinakanyaga. Injini ni cc 471, haina pupa.

Mama Gia: Ikalie dakika 20 na viatu utakavyoendeshea, ndipo goti litasema ukweli. Na ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisigande ukifunga breki ghafla, usiikose: ukishtuka, mkono unabana breki ya mbele yote.

Fundi Kimya: Ukinunua mtumba, soma tarakimu 4 za mwisho za DOT, namba ya utengenezaji iliyo ubavuni mwa tairi. 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Mpira mkongwe hukakamaa hata meno yakiwa mazima.

Goti Bovu: Asanteni. Jana nimeikalia Rebel, goti halikulalamika. Mke kauliza kama ina kiti cha nyuma.