Kibanda cha Mwaka Kogwa: tuendelee kukichoma au tukiache?

Julai ikikaribia, ubishi kuhusu Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya huko Makunduchi, Unguja, ni ule ule. Wapo wanaosema kuchoma kibanda cha makuti Makunduchi ni ibada ya moto ya Majusi, watu wa dini ya kale ya Uajemi, iliyovishwa kanga. Wengine hujibu: "Mila tu hiyo, mbona mnakuza mambo?" Mimi naona wote wamekosea, na hao wa pili ndio wanaoniudhi zaidi.

Kwa asiyewahi kufika: wanaume wa Kaskazini na wa Kusini hutandikana kwa migomba, vinyongo vya mwaka viishie hapo hapo. Wanawake wamejipamba, wanaimba na kuwarushia maneno wanaume. Kisha kibanda kinawashwa na watu wamo ndani, wanachomoka mbio, na wazee wanatazama moshi umeelekea wapi.

Sasa, asili ya siku hii ni Nairuzi, yaani mwaka mpya wa Waajemi, hilo halina ubishi mkubwa. Askofu Steere, katika karne ya 19, aliandika kwamba Siku ya Mwaka Unguja iliangukia karibu na Agosti 23, na kwamba mioto yote ilizimwa kisha ikawashwa upya kwa kupekecha vijiti. Leo tunaisherehekea Julai kwa sababu mwaka ule ni wa siku 365 kamili, hauna siku ya nyongeza, kwa hiyo kila miaka minne unarudi nyuma siku moja. Piga hesabu mwenyewe uone.

Lakini hebu tazama hapo kwenye kuzima. Majusi moto wao hawauzimi! Wanaulinda usiku na mchana. Waparsi, Majusi walioishi Mjini Unguja, watu wa kabila la mwimbaji Freddie Mercury, wangeshangaa kuambiwa sisi ni wenzao. Nani anaabudu kitu kwa kukikimbia?

Ila msiniambie ni mchezo. Mvyale, mzee anayesimamia mila, anaposimama pale hachezi. Mkisema "mila tu" ili mashekhe wanyamaze na watalii waje, mmeshaiua kabla hajaja wa kuikataza. Karibuni.

Mchangiaji wa pili:
Ndugu yangu, assalaam alaykum. Umetetea vizuri, lakini umetetea pasiposhambuliwa. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza, akawaambia Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa zilizo bora, Idi mbili. Wako wanavyuoni waliosema moja ya siku hizo ilikuwa Nairuzi yenyewe. Tena huo moshi unaotazamwa unatafutwa nini? Kama ni habari ya mwaka ujao, hiyo ni ghaibu, na ghaibu haisomwi kwenye makuti.

Mchangiaji wa tatu:
Kwani Iran si nchi ya Kiislamu? Jumanne ya mwisho kabla ya Nairuzi, jua likizama, wanaruka juu ya moto barabarani. Mashekhe wao wanapinga kila mwaka na vijana wanaruka kila mwaka.

Mchangiaji wa nne:
Mimi mzaliwa wa Makunduchi na mnanichekesha. Mnabishana moto, mmesahau chungu. Siku hiyo mtu hali peke yake, nyumba isiyo na mgeni haijapata mwaka. Mwanangu yuko Dar, Idi anaweza kukosa, Mwaka hakosi. Kuhusu kibanda, bibi yangu alituambia ni mafunzo: nyumba ya jirani ikiungua, unakwenda. Zamani huku nyumba zilikuwa makuti matupu, mnafikiri moto ulikuwa mzaha? Kinachonikera mimi ni kamera. Siku hizi wenyewe tunachungulia kwa nyuma ya mabega ya wageni.

Mwanzisha mjadala:
Shekhe, kwenye moshi umenishika, sina jibu. Ningeweza kusema siku hizi hakuna anayeuamini, lakini huko ndiko kule kule kwa "mila tu" nilikokukataa. Shangazi, wewe uliyekuwapo: mwaka jana moshi ulielekea wapi, na kuna aliyeutazama kweli?

Mchangiaji wa nne:
Ulielekea baharini. Tuliutazama sote, na imamu wetu alikuwa mbele yangu.