Mkopo upi wa nyumba kama nitaiuza baada ya miaka 3?

Wakuu habarini, naomba mawazo. Nataka kununua nyumba kwa mkopo ila kazi yangu ya kuhamahama, nikikaa sana ni miaka 3 au 4 nauza nasepa. Benki wamenipa aina mbili, zote za miaka 30: moja riba haibadiliki mwanzo mwisho, asilimia 7, nyingine riba iko chini kidogo ila imefungwa miaka 5 tu, baada ya hapo inapanda na kushuka na soko. Afisa mikopo anaipigia debe ya kwanza eti nitalala usingizi, tena nikitoa asilimia 1 ya mkopo mwanzoni anashusha hadi 6.75. Nyie mngechukua ipi?

Jibu
Usingizi wa miaka 30 wa nini na wewe wa 3 unaondoka?? Chukua ya pili. Na hiyo asilimia 1 usitoe mkuu, nimepiga hesabu hapa, rejesho linapungua kiduchu mno, hela yako inarudi kwenye mwezi wa 60 hivi, na mwezi wa 60 nyumba ina mwenyewe mwingine.

Jibu
Ya pili sawa, ila mteja asipopatikana mpaka mwaka wa 6 je? Uliza riba ikianza kupanda mwisho wake ni wapi. Halafu tafuta kifungu cha kumaliza mkopo kabla ya muda. Mimi niliuza mwaka wa pili nikakuta faini asilimia 2 ya deni lililobaki, nimeenda kufoka pale dada wa watu akanigeuzia tu karatasi, sahihi yangu hiyo chini, maandishi kama sisimizi. Mingine faini inapungua kila mwaka mpaka inaisha, ulizia mapema.

Muulizaji
Duh hicho kifungu wala sikukiona. Lakini si ntakuwa nishapunguza deni la maana? Miaka 3 ya marejesho sio mchezo

Jibu
Hapo ndo wengi tunaliwa. Kwa asilimia 7 miaka 30, kwenye rejesho la kwanza karibu asilimia 88 ni riba tupu, na ukishalipa miezi 36 yote bila kuruka deni lenyewe limeshuka asilimia 3 na ushee, basi. Sasa hapo toa dalali, mwanasheria, ada za mkopo ulizolipa wakati unaingia, na kama bei ya nyumba imelala pale pale unaweza kujikuta unaongezea hela ya mfukoni ndo benki waachie hati. Ningekuwa mimi na miaka 3 yangu ningepanga tu, ila najua hukuuliza hilo

Muulizaji
Kupanga nimechoka aisee. Kesho narudi na mkataba, naanza na hicho kifungu cha faini, asiponijibu kwa maandishi sisaini.