Mpiga upinde juu ya ngome: kinga +2 au +5?

Wakuu, kwenye Dungeons & Dragons toleo la 5 (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kete), aliye juu ya ukuta wa ngome apewe kinga gani?

— Inategemea amesimama wapi. Ukingo unaomfunika nusu ya mwili: +2 kwenye AC (namba ambayo mshambuliaji lazima aifikie ili ampate) na kwenye kete ya kujiokoa kwa wepesi (kukwepa hatari kama mlipuko). Tundu la mishale: +5. Akijibana nyuma ya jino la ukuta (kipande kilichoinuka juu ya ukingo) halengwi kabisa. Atatokeza, atapiga, atarudi kwa mwendo uliobaki. Walio chini waandae shambulio mapema, wamvizie akitokeza.

— Kinga hazijumlishwi mkuu, chukua iliyo kubwa.

— Wengi hukosea kwenye Fireball (uchawi wa mlipuko wa moto). Kinga hupimwa kuanzia pale mlipuko unapoanzia, si alipo mchawi. Ukilipuka nyuma yake, ukingo haumsaidii chochote.